Watu bila daftari hupotea bila habari

MPENZI msomaji, hebu niambie, nyanya yako alizaa watoto wangapi? Usinihesabie wale unaowaita baba mdogo na shangazi peke yao. Nauliza kuhusu wote waliozaliwa, pamoja na wale ambao hawakufikia umri wa kuitwa na yeyote.

Nyanya yangu, ambaye sisi Wanyala humwita kukhu, aliishi karibu na Port Victoria, si mbali na pale mto Nzoia unapomwaga maji yake ziwani. Swali hilo alikuwa akilijibu kwa vidole. Alinyoosha tisa, kisha akakunja vinne, kimoja kimoja, na kwa kila kidole alikuwa na neno. "Huyu ni wa mafuriko ya kabla ya Uhuru. Huyu alikuwa ameanza kusimama. Huyu alifanana na babako. Huyu hatukuwahi kumnyoa." Hakujua mwaka wala mwezi. Ukimwuliza walikufa kwa nini, jibu lilikuwa moja kwa wote wanne: "Mwili ulichemka siku tatu, kisha akanyamaza."

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika ofisi moja kutafuta kumbukumbu za ukoo wetu. Karani alifungua jalada moja, akafungua la pili, akayafunga yote. "Dada," akaniambia kwa upole, "asiyeandikwa hapa ni kama hakuzaliwa." Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo, nilitoka pale nikiwa na donge kooni. Watoto wanne walinyonya, wakapewa majina, wakazikwa nyuma ya nyumba, na katika vitabu vya nchi yao hawamo!

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walitaja mali, lakini yaliyowapata kina kukhu yanatuonyesha kuwa hata watu hupotea vivyo hivyo.

Nakusimulia haya kwa sababu siku hizi kila mahali tunasikia habari za takwimu, tarakilishi na simu. Wako wanaolalamika kwamba hesabu humgeuza binadamu kuwa namba. Naam, hilo huweza kutokea. Lakini ukitazama yaliyofanyika katika ufuo huu wetu wa Ziwa Victoria, utagundua kwamba mara kadhaa ni hesabu ndiyo iliyoifikisha sauti ya mama maskini kwenye meza ambayo yeye mwenyewe hangeruhusiwa kuikaribia. Ila kulikuwa na sharti moja, kwamba awepo mtu wa kuketi na kumsikiliza kwanza.

NANE KATI YA ELFU

Twende Siaya, katika maeneo ya Asembo na Gem. Huko malaria ilikuwa kama jirani asiyebisha hodi. Mtoto kupata homa halikuwa jambo la kumshangaza mtu. Hata msiba wake watu waliuzoea, ingawa mama hauzoei kamwe.

Katika miaka ya mwisho ya 1990, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ilitaka kujua jambo moja. Je, chandarua kilichotiwa dawa ya kuua mbu kinaweza kuokoa maisha ya watoto mahali ambapo mbu wa malaria huuma mwaka mzima? Wataalamu wengine walikuwa na shaka. Walihofu kwamba katika sehemu kama hizi mbu ni wengi mno, na kwamba chandarua kingechelewesha kifo tu bila kukizuia.

Vijiji 221 vilihusishwa, 79 katika Asembo na 142 katika Gem. Karibu nusu ya vijiji hivyo vilipewa vyandarua mwanzoni, vingine vikangoja hadi uchunguzi ulipokwisha ndipo navyo vikapewa. Wahesabu wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003. Miongoni mwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka mitano katika vijiji ambavyo havikuwa na vyandarua, karibu 52 kati ya kila 1,000 walikuwa wakifariki kwa mwaka. Katika vijiji vilivyokuwa na vyandarua, walifariki karibu 44. Wataalamu waliposawazisha hesabu zao walisema vifo vilipungua kwa asilimia 16.

Sasa, ndugu msomaji, asilimia 16 ni maneno ya mkutanoni. Hebu itazame kwa jicho la mzazi. Toa 44 katika 52, unabaki na nane. Kwa kila watoto elfu, wanane ambao wangezikwa mwaka huo hawakuzikwa. Waliamka asubuhi, wakaomba uji, wakagombana na ndugu zao. Hakuna anayeweza kukuonyesha ni wepi hasa, kwani aliyeokolewa hajui kwamba ameokolewa. Leo hii huenda mmoja wao ndiye anayekubeba kwa bodaboda pale Ndori, na wewe unabishana naye juu ya nauli.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeweza kuliona kwa macho matupu. Wataalamu walipozichora nyumba kwenye ramani, waligundua kwamba hata familia zisizokuwa na vyandarua, lakini zilizoishi ndani ya mita 300 hivi kutoka kijiji chenye vyandarua, zilipata nafuu. Mbu waliokufa kwa jirani hawakufika kwao. Kumbe mama akikitundika chandarua chake barabara, anamlinda pia mtoto wa mke mwenza aliyenuniana naye tangu Krismasi! Ujirani huo ulithibitishwa kwa vipimo na ramani.

Hesabu hizo zilikuwa na uzito. Mwaka wa 2006, Kenya iligawa bure vyandarua milioni 3.4 kwa ajili ya watoto wadogo. Ushahidi uliotoka Asembo na Gem ulikuwa miongoni mwa yale yaliyowapa wakuu sababu ya kutoa fedha. Kina mama wa Siaya, waliojibu maswali ya wageni wenye kalamu huku wakipepeta mahindi, walikuwa wamesaidia kuamua jambo la taifa zima.

MAHOJIANO JUU YA MKEKA

Kazi ya kuhesabu haikuishia hapo. Tangu mwaka wa 2001 kumekuwa na mpango wa kudumu wa kuwafuatilia wakazi wa Asembo na Gem, na mwaka wa 2007 eneo la Karemo likaongezwa. Baada ya nyongeza hiyo, mpango ulifuatilia watu wapatao 220,000 katika vijiji 385, na kila boma likawa likitembelewa takriban mara tatu kwa mwaka. Katika kila kijiji huwa na mwenyeji anayetoa habari za vizazi na vifo. Madaftari ya karatasi yalipisha vikompyuta vya mkononi, na habari zinazokusanywa chini ya mwembe huingia katika tarakilishi.

Sehemu ya kazi hiyo iliyonigusa zaidi ni ile ya kutafuta sababu ya kifo. Vijijini watu wengi hufia nyumbani, mbali na daktari. Hakuna cheti, na hakuna aliyempasua marehemu kujua kilichomwua. Ukimwuliza jirani, atakwambia ni homa, au ni chira, au ni mkono wa mtu. Basi kijiji kinazika watu mwaka baada ya mwaka bila kumjua adui wake.

Hapo ndipo mhoji anapoingia. Familia hupewa kwanza muda wa kuomboleza. Kisha mtu aliyefunzwa kazi hiyo hufika, akaketi na yule aliyemwuguza marehemu, mara nyingi mama au nyanya. Anauliza taratibu. Joto lilianza lini? Alikuwa akikohoa? Alipovuta pumzi, mbavu zilikuwa zikiingia ndani? Alishikwa na degedege? Aliharisha, na je, kulikuwa na damu? Mlimpeleka wapi kwanza? Mlifika kwa miguu au kwa gari?

Mbali na maswali hayo ya ndiyo na la, fomu huwa na nafasi ya maelezo huru. Hapo mama husimulia kwa maneno yake mwenyewe tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mhoji huandika. Kwa mama wengine, hiyo huenda ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote kuwauliza habari hizo bila ya kuwalaumu.

Zamani majibu hayo yalisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wakitofautiana aliitwa wa tatu. Baadaye zikaja programu za tarakilishi, mojawapo ikiitwa InterVA, ambazo hupima dalili zote na kukadiria ni ugonjwa gani uliohusika na kwa uwezekano wa kiasi gani. Njia hii ina dosari zake. Malaria na nimonia, kwa mfano, zote huleta homa na mtoto kuhema kwa shida, na si rahisi kuzitofautisha kwa kusimuliwa tu. Lakini kujua kwa kukadiria ni afadhali kuliko kutojua kabisa.

Nilipoelewa jinsi kazi hii inavyofanyika, nilivikumbuka vidole vinne vya kukhu. "Mwili ulichemka siku tatu, kisha akanyamaza." Hayo yalikuwa maelezo huru! Alikuwa nayo yote, siku, dalili na mwisho wake, na alikuwa tayari kuyasema miaka yote ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi mkekani na kuuliza swali la pili.

SIMU ILIPOGEUKA SHAHIDI

Kuna wakati ambapo habari zinazofichika si za ugonjwa bali za dhuluma. Wakazi wa Kisumu hawajasahau siku zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Maduka yaliteketea, barabara zilizibwa kwa mawe, na milio ya risasi ikasikika Kondele na mitaa ya jirani. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika redio na televisheni. Aliyekuwa Kisumu hakujua yanayotendeka Eldoret, na wa Eldoret hakujua ya Naivasha. Uvumi ukashika usukani.

Mapema Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh aliuliza kwenye mtandao kama kuna mafundi wa tarakilishi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha palipotokea ghasia. Waliojitokeza ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Katika muda wa siku chache tu ramani ikawa tayari, wakaipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Mwananchi alituma ujumbe kwa simu au kwa mtandao akieleza alichokiona na mahali, na habari hiyo ikawekwa kama alama kwenye ramani.

Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Mtu mmoja akisema kwamba nyumba yake imechomwa, ni rahisi kumwambia anatia chumvi. Lakini alama zikiwa nyingi, kila moja na tarehe na mahali pake, kukanusha kunakuwa kugumu. Chombo hicho kilisafiri mbali, na Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipoiangusha Haiti, kilitumiwa huko kuonyesha walipo watu waliohitaji msaada. Neno la Kiswahili likawa midomoni mwa waokoaji wa mataifa mengine.

Baadaye Tume ya Jaji Philip Waki ilitoa hesabu yake. Watu 1,133 walikuwa wameuawa nchini, 134 kati yao wakiwa wa mkoa wa Nyanza. Katika nchi nzima, 405 walikufa kwa risasi. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyouma zaidi, kwani wengi walikuwa wameaminishwa kwamba waliokufa waliuana wao kwa wao kwa panga na mishale. Mama wa Nyalenda aliyesema mwanawe alipigwa risasi alikuwa ameambiwa mara ngapi kwamba anadanganya? Namba ilisimama upande wake.

NAMBA IRUDI KUWA MANENO

Tumeona habari zikipanda kutoka kwa mama hadi kwenye tarakilishi. Lakini zinapaswa pia kushuka, na hapa ndipo wataalamu wengi hujikwaa.

Narudi kwetu Port Victoria. Mnamo Mei 2020, kipimo cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42. Kilele cha awali, cha Mei 1964, kilikuwa mita 13.41. Ukisoma hivyo utaona sentimita moja tu, urefu usiozidi upana wa ukucha. Lakini Bunyala tulijua maana yake. Ziwa liliposhiba lilikataa kuyapokea maji ya Nzoia, na mto nao ukawa umevunja kingo zake. Maelfu walihama na magodoro vichwani. Kuku walilala juu ya paa.

Mtu wa kawaida hawezi kutoroka kwa kusikia mita 13.42. Anahitaji kuambiwa kwamba maji yatafika sokoni kesho jioni, kwamba barabara fulani itafungika, kwamba mbuzi wapelekwe upande wa mlimani leo. Ndiyo maana Idara ya Hali ya Hewa ilisaidia kuanzisha redio ya jamii ya Bulala FM kule Budalang'i, ili habari za mvua na mto ziwafikie watu kwa lugha wanayoijua. Mtangazaji anayejua kila kijiji kwa jina ndiye anayeigeuza namba kuwa onyo. Kifaa hupima maji, lakini ni sauti ya jirani inayomfanya mtu anyanyuke.

TAHADHARI

Sitaki nikudanganye kwamba kila anayekuja na kifaa cha kuandikia ana nia njema. Alama moja kwenye ramani inaweza kuonyesha nyumba ya mtu ambaye adui zake wanamtafuta. Jibu moja kuhusu ukimwi likivuja linaweza kuvunja ndoa. Wako pia wanaokusanya habari za kina mama wa vijijini mwaka nenda mwaka rudi, wakapandishwa vyeo kwa habari hizo, na kijiji kisipate hata barua ya shukrani.

Kwa hivyo, akija mtu mlangoni kwako, mkaribishe kwa heshima kisha mwulize maswali matatu. Nani amekutuma? Majina yetu yatafichwa vipi? Na matokeo mtaturudishia lini hapa kijijini? Una haki ya kujibiwa, na una haki ya kukataa. Mwenye nia njema hatakasirika. Akibabaika, mpe maji ya kunywa aende zake.

ANZA NYUMBANI

Pengine unasema moyoni kwamba mambo haya ni ya madaktari na mafundi. La hasha! Daftari la kwanza ni la familia. Nunua daftari gumu la karatasi mia mbili. Andika kila aliyezaliwa, tarehe na mahali. Andika pia waliofariki, waliugua siku ngapi na dalili zao zilikuwa zipi. Usiwaache watoto wachanga kwa sababu hawakuishi. Mtoto akizaliwa, mwandikishe mapema, usingoje siku ya kutafuta shule ndipo uanze kumtafuta chifu.

Vijana wetu walio na simu zenye kinasa sauti, wakati wa likizo waketini na nyanya na babu wawasimulie. Kila jina lipate tarehe hata kama ni ya kukisia, kama vile mwaka wa mafuriko, mwaka wa gugumaji au mwaka wa El Nino. Nao wavuvi wetu wahakikishe kwamba mtu anajua kwa maandishi nani ametoka na mashua ipi usiku huo. Ziwa likichafuka, jina lililoandikwa ufuoni ndilo linaloanzisha msako.

Mimi nimeanza. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu una mistari tisa. Mitano ina majina kamili, tarehe na watoto wao. Minne imebaki na yale niliyoyakumbuka kutoka kinywani mwa kukhu. Kwenye mstari wa nne nimeandika hivi: "Mtoto wa kiume. Hakuwahi kunyolewa. Homa, siku tatu."

Si mengi, lakini sasa ameandikwa. Atakayefungua jalada hili hatasema kwamba hakuzaliwa.